Funga ni Lazima

Nianze kwa kujisifu, maana nimechoka kuambiwa ninyenyekee. Mimi ni nesi wa pampu za moyo hapa Doha, na kazi hii naijua. Nipe mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji na mtambo ndani ya kifua, waya umetokezea tumboni, betri mbili zinaning'inia ubavuni, mwenyewe anatetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Baada ya wiki kadhaa nitakurudishia mtu anayeoga, anayetania watu, na anayebadilisha betri zake huku anaongea na simu.

Mama yangu kule nyumbani, magharibi mwa Kenya, huwaambia majirani kwamba binti yake anachaji watu Uarabuni. "Anawachaji kama simu," anasema, na majirani wanamwamini. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nacheka tu, kwa sababu mama hajakosea sana.

Pampu hizi huwekewa watu ambao moyo wao umechoka kiasi cha kushindwa kusukuma damu. Ni mtambo mdogo, unaenea kiganjani, unashonewa kwenye moyo na kuufanyia kazi. Lakini wengi wa wagonjwa wangu hawakuwekewa pampu ili wazeeke nayo. Wanangoja moyo mwingine, wa mtu aliyefariki, ambaye yeye au jamaa zake walikubali utolewe. Wanaongoja wako kwenye orodha, na hiyo orodha ndiyo kila kitu kwao. Wapo wanaongoja miezi, wapo wanaongoja miaka, na kila wakija kliniki swali lao la kwanza ni kama bado wamo.

Mgonjwa ninayetaka kumsimulia alikuwa Mpemba, mtu wa miaka hamsini na kitu, dereva wa familia moja ya Al Wakrah tangu mabinti wa nyumba hiyo wakiwa shule ya msingi mpaka wakaolewa. Moyo ulipomshinda, mwajiri wake hakumrudisha kwao. Mwenye pampu haruhusiwi kuendesha gari, basi akampa kazi ya kukaa kwenye majlisi na kumimina gahawa kwa wageni. Mpemba wangu alivaa kanzu yake, betri ndani ya kizibao, birika mkononi, akawa ndiye anayekaribisha watu kama nyumba ni yake.

Tulianza kwa ugomvi. Siku ya kwanza nilimwambia kwa upole wangu wote, "Mzee wangu, kesho tutatoa hiyo plasta iko hapa kwa tumbo."

Akanitazama. "Kwa tumbo? Tumbo limekuwa mtu, plasta ikatolewe kwake?"

"Namaanisha hapa, mzee. Kwa tumbo."

"Tumboni, mwanangu. Tum-bo-ni. Nyie Wakenya Kiswahili mnakitafuna na mifupa yake."

Aki nilikasirika! Nimesoma, nina vyeti, mtu amelala na waya tumboni ananisahihisha ngeli. Nikamwambia Kiswahili chetu kina nguvu ndiyo maana tunakula mifupa, chao kimelainika mpaka hakiwezi kusimama. Alicheka hadi mashine ikaonyesha namba za ajabu. Kuanzia hapo tukaelewana. Aliniita sista nikiwa sawa, na mwanangu nikikosea.

Kitu kimoja kuhusu pampu hizi ni kwamba hazipigi kama moyo. Zinazunguka bila kupumzika, damu inatiririka kama maji ya bomba, kwa hiyo ukimshika mgonjwa mkono huenda usipate mapigo kabisa. Hili nilimfundisha mgonjwa, nikasahau kumfundisha aliyelala naye chumba kimoja, mlinzi wa nyumba ileile, mtu wa Tanga. Siku moja baada ya adhuhuri akanipigia simu analia.

"Dada, mwenzetu ametutoka."

"Ametoka ameenda wapi?"

"Amefariki, dada! Nimemshika mkono, hana mapigo. Nimeshaanza kumsomea Yasini."

Nikanyakua mkoba wangu. Halafu, nyuma ya sauti yake, nikasikia kitu. "Huyo anayekoroma hapo ni nani?" nikauliza.

Nikasikia sauti ya Mpemba wangu, nzito ya usingizi, "Nani kafa?"

Nilifoka siku ile, nikafoka vizuri, halafu nikaenda mwenyewe Al Wakrah Ijumaa baada ya ibada, nikamkalisha mlinzi kwenye kiti na kumwekesha sikio kifuani mwa mwenzake. "Unasikia inavuma?" "Naisikia, dada." "Ikivuma, yuko hai. Usimsomee mtu anayevuma." Tulikunywa gahawa tukacheka, na nilirudi kwangu Al Wukair nikijiona mwalimu wa walimu. Hapo ndipo kiburi kilipoanza kunipofusha, sitaficha.

Ikaja Ramadhani. Mpemba alikuwa na pampu miezi kumi na minne. Ramadhani iliyotangulia ilimkuta kitandani, kifua bado kibichi, na siku zote zile hazikufungwa. Alinieleza mara nyingi jinsi lile deni la mwezi mzima lilivyomkaa rohoni. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuhadithia shamba lao, huku natafuta kalamu.

Mwezi ule saa za kliniki hupunguzwa, kila mwaka. Hapo awali yeye alikuwa anakuja kliniki nasi tunamsafisha pale tumboni waya unapotokea, tunamfunga bandeji mpya. Ni mahali pa hatari sana. Vijidudu vikiingia pale vinafuata waya kama barabara hadi ndani. Kwa vile kliniki ingefungwa mapema, nikamtolea boksi la bandeji na dawa ya kusafishia, nikamwonyesha yeye na mlinzi namna ya kufanya nyumbani. Walifanya mbele yangu, walifanya vizuri. Nyuma yangu mlangoni kulikuwa na wagonjwa wawili wananiita. Nikawa nakusanya vitu vyangu, na boksi la bandeji nimelishika mkononi, ndipo akaniuliza.

"Na funga je, sista?"

Nikamjibu bila hata kugeuka. "Funga ni lazima, mzee wangu. Kila siku. Usikose hata siku moja."

Uso wake uling'aa. Nilimwona. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akupe kheri, sista. Sikutarajia." Nikadhani, kweli huyu mzee anapenda usafi.

Kila asubuhi nilikuwa natuma ujumbe kwa simu. Nina wagonjwa wengi, sina muda wa barua. "Umepima? Umemeza dawa? Umefunga?" Naye alijibu kabla sijaweka simu chini: "Nimepima. Dawa nimemeza. Nimefunga, alhamdulillahi." Nami: "Hongera. Endelea hivyo hivyo." Siku ya kumi aliongeza, "Kiu ipo lakini si haba." Nikaona joto limeanza mapema mwaka huu, hata mimi nina kiu. Nikamtumia kidole gumba.

Sasa utaniuliza, wewe nesi mzima, miaka tisa Doha, hukujua ni Ramadhani? Nilijua. Hata mimi mchana sikuwa nakula mbele za watu. Lakini habari ya saumu nilidhani daktari alishamwambia asithubutu, kwa sababu pampu inahitaji maji; mwili ukikauka inavuta pasipo na damu ya kutosha, na figo zinaumia. Daktari naye alidhani nimemwambia mimi. Kila mtu alikuwa na hakika na mwenzake. Kichwani mwangu, neno lile lilikuwa na bandeji tu ndani yake.

Siku ya ishirini na tatu ya mwezi, gari la wagonjwa lilimleta. Mashine ilikuwa inalia kwamba damu haitoshi. Midomo imepasuka. Nikafunua tumbo, nikakuta bandeji ngumu iliyogandamana na ngozi, na chini yake usaha. Vipimo vya figo vilirudi vibaya. Kabla ya saa sita jina lake lilikuwa limesimamishwa kwenye orodha ya kungoja moyo, na mkuu wa kitengo chetu, daktari wa upasuaji, mama mmoja mwembamba asiyepoteza maneno, alisema kamati itakaa Jumanne kuamua kama atolewe kabisa.

Nilisubiri dripu ikolee, akafungua macho vizuri, ndipo nikamwakia.

"Mzee, umenidanganya! Siku ishirini na tatu! Kila asubuhi unaniandikia umefunga, umefunga, kumbe hujafunga!"

Alishtuka kama nimempiga kofi. "Wallahi nimefunga, sista. Sijala hata siku moja."

"Usiape! Nimeona kwa macho yangu. Hii bandeji ina zaidi ya wiki!"

"Bandeji?" akasema. "Ile si ulisema nibadilishe ikilowa? Nilikuwa nabadilisha kila Ijumaa nikishaoga, ila hii ya juzi nilikuwa hoi."

"Nilisema kila siku! Ulipouliza nilisema funga ni lazima!"

"Ndiyo. Nami nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Ramadhani," akasema taratibu, kama mtu anayeeleza jambo kwa mtoto. "Nilikuuliza habari ya funga, ukasema ni lazima, kila siku. Nikajua nimepona."

Woi. Nilisikia mashine zote za wodi ile kwa wakati mmoja. Naye akaanza kuelewa. Niliona macho yake yakirudi nyuma, siku kwa siku, mpaka kwenye boksi la bandeji mkononi mwangu. Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Akatabasamu ili nisione haya.

Nikatoka, nikaingia stoo ya mashuka, nikalia. Nililia kwa aibu, na kwa hasira ya kujua kwamba neno moja, la lugha niliyokuwa najidai nayo kila siku, ndilo lililotaka kumwua.

Niliporudi nikakuta mkuu ameshapita. Kwenye faili kulikuwa na mstari mpya: mgonjwa amekiri mwenyewe kwamba hakufuata maagizo ya nyumbani. Alimwambia kwa Kiarabu chake cha nyuma ya usukani kwamba kosa ni lake, alisahau.

Niliiweka ile faili kitandani, juu ya miguu yake. "Nani amekutuma kusema hivi?"

"Punguza sauti, sista."

"Sipunguzi! Unajua maana ya huu mstari? Mtu akipewa moyo mpya atakula dawa maisha yake yote, kwa saa. Akizembea mwili unaukataa. Kwa hiyo hawampi mtu asiyefuata maagizo. Umejitoa kwenye orodha kwa mdomo wako!"

"Najua," akasema. "Mie nishapata miezi kumi na minne ya nyongeza. Wewe kazi yako ndiyo nyumba nzima ya watu. Mama yako, wadogo zako. Ukifukuzwa hapa, watakula nini? Acha yapite."

Nilichukua faili nikatoka. Ningemjibu ningemtukana, na mgonjwa hatukanwi.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Siku mbili nilizunguka na lile jambo kama mtu aliyemeza mfupa. Mwenzangu ninayeishi naye Al Wukair, nesi pia na wa kwetu, nilimweleza tukiwa tunapika. Akaacha kukata sukuma. "Si amekubali mwenyewe?" akasema. "Wacha iende. Ukienda kujisema, hiyo leseni yako utaiona kwa picha." Na alikuwa anasema kweli. Niliogopa, nitasema bila haya. Niliogopa hata nikaanza kujitafutia sababu: kwamba mgonjwa angeweza kuuliza vizuri, kwamba daktari naye ana lake, kwamba Wapemba nao wana maneno. Kila sababu niliyoipata ilikuwa na uso wa yule mzee akitabasamu nisione haya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimejifunika shuka tatu.

Jumanne saa tatu asubuhi nikagonga mlango wa kamati. Sikualikwa. Ndani kulikuwa na watu wanane, kila mmoja na kompyuta yake, na mkuu kwenye kiti cha mwisho.

"Kosa ni langu," nikasema, kabla mtu hajaniuliza nimefuata nini. "Huyu mgonjwa hakukaidi. Alitii."

Nikawaeleza. Jaribu wewe kuwaeleza Wahindi, Wafilipino, Waarabu na Mwairishi mmoja kwamba kwetu neno moja linabeba mlango, ndoa, safari, kidonda, Ramadhani na mpira. "Na mpira?" akauliza Mwairishi. Nikamwambia ndiyo, hata goli tunafunga. Mtu mmoja akacheka, mkuu hakucheka.

"Kwa hiyo ulimwambia afunge saumu," akasema.

"Nilimwambia ni lazima, kila siku, asikose hata moja. Na hizi hapa." Nikamwekea simu mezani na nikamsomea jumbe, moja baada ya nyingine, nikitafsiri. Umefunga? Nimefunga, alhamdulillahi. Hongera, endelea hivyo hivyo. Ishirini na tatu. Sikuacha hata moja, mpaka lile dole gumba nililolituma juu ya kiu yake nikalitaja.

Kisha hasira yangu, ile ambayo mama yangu alijaribu kuitoa kwa fimbo na ikashindikana, ikanisaidia kwa mara ya kwanza. "Mnatafuta mtu anayefuata maagizo?" nikasema. "Mnaogopa hatameza dawa? Huyu aliambiwa na nesi wake asile wala asinywe mchana, na alikaa na kiu siku ishirini na tatu, kifuani ana mashine, hakula hata siku moja, hakulalamika. Na alipogundua nesi amekosea, akajitwisha kosa ili nesi asifukuzwe. Nileteeni mgonjwa mwingine mtiifu kuliko huyo. Mimi nitoeni mkitaka. Yeye msimtoe."

Nilipomaliza nilikuwa natokwa jasho, na kiyoyozi kinanguruma. Mkuu alichukua simu yangu, akazitazama zile jumbe ingawa hakuzielewa. Akaniambia nitoke, nikatoka. Nilisimama koridoni nikihesabu vigae.

Akatoka mwenyewe baada ya muda. "Maambukizi yakiisha na figo zikirudi, anarudi kwenye orodha," akasema. "Wewe utapata barua ya onyo. Na miezi mitatu ujumbe wako wowote kwa mgonjwa utasomwa na nesi mwingine kabla haujatumwa." Akaanza kuondoka, akageuka. "Na utaandika maagizo ya Kiswahili. Yasiyo na neno lile."

Barua ninayo mpaka leo. Kuna watu huficha barua ya onyo. Mimi nimeiweka pamoja na vyeti vyangu, na ninajua kwa nini. Miezi ile mitatu ilinikera, sitasema uongo, kumwonyesha binti niliyemfundisha kazi jumbe zangu kama mtoto wa darasa la pili. Lakini maagizo niliyaandika. Nilikaa kando ya kitanda cha Mpemba wiki tano alizolala kwa dawa za mishipani, mimi naandika, yeye anasahihisha.

"'Badilisha bandeji kila siku ya Mungu,'" nikasoma.

"Hapo sawa."

"'Usifinye hii waya.'"

"Waya huu, mwanangu. Huu. Toba, hawa watu!"

Zilikuwa kurasa nne. Leo kila Mtanzania na Mkenya anayewekewa pampu pale anapewa, na hata Mganda mmoja alizisoma akasema ameelewa, ingawa sina hakika. Nilipoziona zimepigwa chapa pamoja na michoro, nilizipeleka kwa Mpemba kabla sijazipeleka kwa mkuu. Usaha ulikauka, figo zikarudi, naye akarudi kwenye majlisi yake na birika lake, jina likiwa limerudi orodhani.

Moyo ulipatikana miezi saba baadaye, Jumamosi asubuhi, naosha vyombo. Sijui ulikuwa wa nani na siruhusiwi kujua. Najua tu kwamba mahali fulani katika mji huuhuu kulikuwa na watu wanalia asubuhi ile, na katikati ya kilio chao waliulizwa swali gumu, wakajibu ndiyo. Nilizima bomba, nikasimama kidogo kwa ajili yao. Kisha nikampigia Mpemba.

"Mzee wangu, njoo. Umepatikana."

"Mwenyewe alikuwa na watoto?" akauliza.

"Sijui, mzee."

"Basi nitawaombea kama anao," akasema. "Nakuja."

Nesi wa pampu huingia chumba cha upasuaji pamoja na mgonjwa, kwa sababu mtambo ni wake. Nilisimama upande wa miguuni, kidude cha kuiendesha pampu mikononi mwangu, wao wakifanya yao kifuani. Zilipita saa nyingi. Mashine kubwa ya pembeni ilichukua kazi ya moyo na mapafu, na hapo mkuu, bila kuinua macho, akasema, "Sista, zima pampu."

Miezi ishirini na mitatu kazi yangu yote ilikuwa isizimike. Kwa ajili ya kutozimika kwake nimefokea watu, nimekimbia ngazi, nimemwamsha fundi wa umeme kwake. Nilibonyeza kitufe, nikashikilia. Ule mvumo uliokuwa ndani yake ukashuka, ukashuka, ukaisha. Wakaukata moyo wa zamani pamoja na pampu yake, wakautoa. Kisha wakaushona ule mpya, wakaachia damu iingie. Ulikaa kimya kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Ukatetemeka. Ukapiga mara moja, ukasita, ukapiga tena, na kwenye skrini ile iliyokuwa haina mlima wala bonde, mstari ukaanza kupanda na kushuka.

Sikulia. Niliwaambia wote baadaye kwamba sikulia, na mkuu akasema barakoa yangu ilikuwa imelowa kwa sababu nyingine.

Alasiri niliomba nimpigie mimi mwenyewe mkewe, huko Pemba. Nilikuwa nimewahi kusalimiana naye mara mbili tu, kupitia simu ya mumewe, "shikamoo mama" na "marahaba mwanangu", basi. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Yu hai?" akauliza.

"Yu hai, mama. Moyo umeshika. Unapiga wenyewe."

Nikamsikia analia, anamshukuru Mungu, anamwambia mtu pembeni, halafu analia tena. Nilimwacha amalize. Alipotulia akauliza, "Na mie naongea na nani?"

"Na nesi wake, mama."

"Manesi huko ni wengi," akasema. "Weye ndiye yule uliyeingia kwa wakubwa ukasema kosa ni langu, yeye msimtoe?"

Sikujua kama mumewe alimwambia. Miezi yote ile mzee hakuwahi kunionyesha kwamba anajua nilisema nini mle ndani, wala kwamba jambo hilo limevuka bahari. Nilikuwa peke yangu koridoni, nguo za upasuaji zimenikaukia mwilini, na nikajikuta nimesimama wima kabisa, mabega nyuma, kana kwamba ananiona.

"Ndiye mimi, mama," nikasema.

"Basi ningoje, usikate simu," akasema. "Niwaite wanawe, nao waisikie sauti yako."

Nikangoja.